Ini la Mzee wa Kanisa

Ezekia Mwaipaja alikuwa akiuza spea za malori Uyole, karibu na pale magari ya Tunduma yanaposimama kupoza injini, na jioni alirudi kwake Ilomba. Watu walimfahamu kwa tumbo lake, ambalo tangu biashara ichanganye lilikuwa linaingia mlangoni kabla yake, na walimfahamu pia kama mtu asiyewahi kuonja pombe. Hakunywa bia, hakunywa kimpumu cha kwao Rungwe, na hata togwa aliitazama kwa mashaka mpaka ahakikishiwe kwamba haijalala. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa Kamati ya Kupinga Ulevi, na kwa ajili yake sherehe za harusi za usharika ule ziliisha mapema.

Yeye alikuwa na soda. Alifungua ya kwanza asubuhi akifungua duka, na chakula cha mchana hakikushuka bila nyingine, na mteja mzuri akija walikunywa pamoja kama ishara ya heshima. Mkewe Verediana, Mhehe wa Iringa aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alishasema mpaka akachoka. Ezekia alimjibu kwamba ameisoma Biblia yote na hajaona mahali soda ilipokatazwa.

Ikafika wakati akawa anachoka bila kufanya kazi. Akipanda kile kilima kidogo cha kwenda nyumbani anasimama kujifanya anapokea simu. Upande wa kulia, chini ya mbavu, alisikia uzito, si maumivu hasa, kama mtu aliyelalia kitu. Verediana akamkokota mpaka hospitali moja ya binafsi mjini, wakamtoa damu. Majibu ya mafuta yalitoka siku ile ile. Ya ini yalichelewa kwa sababu vitendanishi vya mashine vilikuwa vimekwisha, akaambiwa arudi wiki inayofuata.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Dastan, mwenye haraka ya watu waliojaa kwenye benchi nje. Alimwambia Ezekia kwamba lehemu yake iko juu. Ezekia akauliza lehemu ni nini. Daktari akasema ndiyo hiyo watu wanaita kolesteroli, mafuta yanayotembea kwenye damu. Kuna yale mabaya yanayoganda kwenye mishipa na kuna mazuri yanayosaidia kuyaondoa, na yeye mabaya yamejaa, mazuri yamepungua. Akamwambia apunguze vya kukaanga, apunguze nyama ya mafuta, apunguze sukari, na aanze kutembea.

Ezekia alisikia neno kolesteroli, na mengine yote yakampita. Neno lile alikuwa amelisikia kwenye misiba ya watu wakubwa tu. Mkurugenzi fulani alikuwa nayo. Mkuu wa wilaya mstaafu aliyezikwa kwa gwaride alikuwa nayo. Watu wa Uyole waliugua malaria, taifodi na vidonda vya tumbo, magonjwa ya watu wa kawaida. Hakuna muuza spea aliyewahi kukutwa na kolesteroli. Alitoka pale akitembea taratibu, kama mtu aliyebeba kitu cha thamani ambacho hataki kigongwe.

Kesho yake Uyole nzima ilijua. Muuza chips wa jirani alipomletea sahani kama kawaida, Ezekia aliirudisha kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa barabara, akieleza kwamba madaktari wamemkataza kwa sababu ya kolesteroli. Kwenye kikao cha harusi aliomba aandaliwe chakula chake pembeni, na akapewa kiti cha mbele ili asipate shida kukifikia. Vijana wa dukani wakaanza kumwita Bosi. Aliwakataza, lakini si kwa nguvu.

Aliyeumia ni Alinanuswe Mwambene, mzee wa kanisa mwenzake, mwenye duka la matairi lililotazamana na lake. Alinanuswe alikuwa mwembamba. Alikula kama watu wengine lakini chakula hakikuonekana kinakokwenda. Kwa miaka mingi yeye na Ezekia walikuwa wakishindana kimya kimya kwa kila kitu, kuanzia mabati ya nyumba mpaka sauti ya kuombea sadaka. Akawa anawaambia watu kwamba yeye naye kolesteroli anayo, ila haijapimwa.

Mlo mpya wa Ezekia ulikuwa hivi. Nyama aliiacha, hasa mbele za watu. Pengo lake alilijaza kwa wali wa Kyela, ambao hauna mafuta, na kwa soda, ambayo nayo haina mafuta; alikuwa amesoma kwenye chupa akaona sifuri, akamwonyesha Verediana. Tena akakutana na mtu mmoja aliyekuwa akitangaza dawa kwa spika pale stendi, aliyemweleza kwamba mafuta ya kwenye damu ni uchafu, na uchafu wote wa mwili unakusanyika kwenye ini, na kwamba unga wake wa miti ya milimani unaliosha ini kama unavyoosha sufuria. Unga ulikuwa wa kijani na mchungu ajabu. Ezekia aliunywa asubuhi na jioni, akaushushia soda ili kuua uchungu.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Dokta Dastan akiwa amevaa suti. Mlango wa chumba kile haukufungika vizuri, na kwenye benchi nje, akisubiri kupimwa presha, alikuwa amekaa Faustina, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika wao. Daktari alisoma majibu, akayarudia, akamwangalia Ezekia usoni.

"Mzee, pombe unatumia kiasi gani?"

"Situmii."

"Hata kidogo, kwenye sherehe?"

"Daktari, mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Kupinga Ulevi."

"Wenyeviti nao huwa wanakuja hapa," alisema daktari, wala si kwa ubaya. Akamweleza kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda zaidi ya mara mbili ya kawaida, kwamba ini linalalamika, na kwamba vyovyote iwavyo akae mbali na pombe kisha arudi baada ya mwezi. Hakumuuliza kuhusu unga wa kijani. Ezekia naye hakuutaja, maana haukuwa pombe.

Faustina alikuwa mtu wa kuaminika na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa wenzake wa sauti ya kwanza, kwa ajili ya maombi. Jumapili ilipofika, ini la Ezekia lilikuwa limefika kanisani kabla yake.

Kolesteroli ilikuwa imempa heshima, na ini likaichukua yote kwa mara moja, kwa sababu kila mtu usharikani alijua maana ya ini. Ini ni pombe. Mtu haumwi ini kwa kumwagilia maua. Basi watu wakaanza kukumbuka. Wakakumbuka kwamba macho yake huwa mekundu, wakasahau vumbi la Uyole. Wakakumbuka kwamba husinzia wakati wa mahubiri, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa nusu ya kanisa. Wakakumbuka zaidi ile chupa ya soda isiyomtoka mkononi, na mmoja akauliza ni nani aliyewahi kuionja. Hapo kila kitu kikakaa sawa. Yule aliyewanyima watu furaha kwenye harusi zao alikuwa anajinywea peke yake, mchana kweupe, kwenye chupa ya soda.

Wateja hawakupungua, ila walianza kumnusa. Muuza chips akamshauri kwa upole kwamba kama hawezi kuacha, basi walau ale kwanza. Hata Verediana, ambaye alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote na kujua harufu zake zote, siku moja aliichukua chupa yake mezani akaipeleka puani. Ezekia alimwona. Hakula jioni ile, na Verediana aliona aibu kuliko alivyowahi kuona tangu aolewe.

Mchungaji Sosthenes alimwita ofisini. Alikuwa mchungaji mwenye huruma na asiyependa makelele. Alimwomba apumzike kidogo kwenye kamati mpaka upepo upite, na kiti akapewa Alinanuswe, ambaye alikipokea kwa masikitiko makubwa, na Jumapili iliyofuata akavaa koti jipya.

Verediana akaamua waende Iringa. Alisema kule kuna kaka yake Ambrosi, kuna daktari bingwa anayesifiwa, na hakuna kwaya inayomjua Ezekia. Ezekia akakubali kwa sababu yake mwenyewe: alitaka karatasi yenye muhuri inayosema kwamba yeye hanywi.

Ambrosi aliwapokea kwa furaha ambayo haikueleweka mara moja. Kwa miaka yote shemeji yake wa Mbeya alikuwa akifika pale na kuigeuza nyumba kuwa msiba. Pombe yao ya ulanzi inafichwa chini ya kitanda, watu wanakunywa chai. Sasa habari zilikuwa zimemfikia. Alimshika Ezekia mkono, akamkalisha, akamletea ulanzi kwenye kikombe kikubwa, akamwambia huku akikaribia kulia kwamba sasa amekuwa ndugu kweli. Ezekia alieleza kwamba ni uvumi. Ambrosi alitikisa kichwa kwa uelewa, akasema hata yeye huwa anawaambia watu hivyo.

Daktari bingwa alikuwa mama wa makamo, Dokta Nisha, mzaliwa wa Iringa mjini, ambaye babu yake alifungua duka la vitambaa pale na ukoo wake haukuondoka tena. Alimsalimia Verediana kwa Kihehe, "Kamwene," na kumaliza salamu yote bila kukosea, kisha akamgeukia Ezekia na kumuuliza anakula nini kuanzia anapoamka. Aliuliza kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Ezekia alipofika kwenye soda, daktari alimwomba arudie. Alipofika kwenye unga wa kijani, daktari aliweka kalamu chini.

Aliagiza damu itolewe upya, safari hii Ezekia akiwa hajala tangu jana yake. Akampima homa ya ini, akampima sukari, akamlaza na kumpaka ule ute wa baridi tumboni ili alitazame ini kwenye kioo. Akamuuliza pia kuhusu wazazi. Ezekia akasema mama yake yupo, ila baba yake, mzee Danieli, alianguka shambani akivuna chai, hajazeeka, hajawahi kuugua, akafa kabla hawajamfikisha barabarani. Ilisemekana ni mkono wa mtu. Baba yake mdogo ndiye aliyeshukiwa, akahamia Chunya, na hakurudi tena hata kuzika.

"Na huyo baba mdogo, yupo?" daktari aliuliza.

"Alikufa huko huko. Alianguka pia."

Dokta Nisha aliyaandika yote mawili. Verediana alimtazama mumewe, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

Majibu yalipokuwa tayari daktari aliwakalisha wote wawili. Alisema homa ya ini hana. Alisema vile vimeng'enya ni vitu vinavyokaa ndani ya chembe za ini, na chembe zikiumia vinavuja na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo vikiwa vingi kwenye damu, mtu anajua ini linaumizwa, lakini vyenyewe havisemi ni nani anayeliumiza. Inaweza kuwa pombe, inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa mafuta. Ini la Ezekia lilikuwa limejaa mafuta, na yalionekana wazi kwenye kioo. Yametengenezwa na sukari ya soda, na vyakula vya kukaanga, na wali mwingi, na tumbo lenyewe. Na kwa kuwa lilikuwa tayari limechoka, ule unga huenda ulilimalizia. Hakuna ajuaye umewekwa nini ndani, na usinywewe tena. Habari njema ni kwamba ini la namna hii linarudi, mtu akipungua uzito.

Kolesteroli ilikuwa jambo jingine. Ile, alisema, kwa jinsi ilivyokuwa juu na kwa jinsi baba na baba mdogo walivyokufa, inaelekea amezaliwa nayo. Si ya mabosi. Inamkuta hata mtu mwembamba, hata mkulima. Chakula kitaipunguza, ila haitoshi. Atahitaji kidonge kila siku, na kidonge hicho ini lake linaweza kukibeba, wataendelea kulipima.

Ezekia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ile karatasi yenye muhuri.

"Siwezi kukuandikia kwamba hunywi," Dokta Nisha alimwambia. "Mimi sikai na wewe. Ninaweza kuandika kwamba ini lako lina mafuta na kwamba mwenyewe umesema hunywi. Mke wako ndiye anayejua mengine."

"Hanywi," alisema Verediana.

Walirudi Mbeya na vidonge, na Ezekia akapeleka majibu kwenye kikao cha wazee. Alieleza vizuri, kwa maneno ya daktari, jinsi chembe zinavyovuja. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza mafuta yameingiaje kwenye ini. Ezekia akasema kwa soda na kuku wa kukaanga. Kuku wa kukaanga na soda ndivyo akina mama walivyokuwa wakiuza kila baada ya ibada kwa ajili ya ujenzi, na paa lililokuwa juu ya vichwa vyao wakati ule lilitokana navyo. Alinanuswe akasema, kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa, kwamba haelewi ndugu yao anataka kulishitaki kanisa kwa kosa gani.

Baada ya kikao mchungaji alitoka naye nje. "Mzee Ezekia," alisema, "nakuamini. Lakini kesi ya soda haina utaratibu. Kesi ya pombe ina utaratibu. Ukitubu Jumapili hii tunakuombea, na mambo yamekwisha. Ukiendelea na habari za chembe, tutafika mwakani."

Verediana aliposikia alisema mtu hatubu dhambi asiyoitenda. Ezekia alikaa nalo siku kadhaa. Alikuwa mtu wa biashara, na aliona kwamba ukweli wake haukuwa na mnunuzi. Jumapili akasimama mbele akatubu kwamba alikuwa mlevi wa siri.

Kwa kuwa hakuwa amewahi kulewa, alieleza kama alivyokuwa akiona kwa madereva. Alisema alificha chupa kwenye boksi la chujio za mafuta. Alisema alikuwa akitetemeka asubuhi mpaka anywe. Watu wakalia. Kwa miaka yote akiwa mwenyekiti, hotuba zake dhidi ya pombe zilikuwa zimewalaza usingizi. Sasa, kwa mara ya kwanza, alishuhudia mtu akitoa leso kwa sababu yake. Faustina alianzisha wimbo bila kuombwa. Ezekia alirudi kwenye kiti chake akiwa na uso ambao Verediana alikuwa ameuona mara moja tu, siku ile ya kolesteroli.

Kiti cha kamati hakukirudia, kwa sababu alipata kikubwa zaidi. Mwaliko wa kwanza ulitoka Mbalizi, kwenye mkutano wa vijana. Halafu Chimala. Halafu Tukuyu. Kila alikokwenda ushuhuda uliongezeka kidogo, kama mzigo wa lori unavyoongezewa vituo vya njiani. Mbalizi alikuwa amelala kwenye mtaro. Chimala alikuwa amepoteza duka. Tukuyu alikuwa ameuza vitenge vyote vya mkewe, na mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele amevaa kitenge kipya. Kila kituo kilimpokea mgeni wake kwa pilau, kuku wa kukaanga na kreti ya soda, na haikuwa adabu kukataa. Vidonge vya Dokta Nisha vilibaki kabatini. Alimweleza Verediana kwamba mtu anayesimama mbele za watu kama aliyeponywa hawezi kuonekana anameza dawa, ingewavunja moyo.

Verediana alikuwa akihesabu kwa namna yake. Alimwona akisimama kila hatua chache kwenye kilima. Akiwa darasani, watoto wakiandika, alimwona mzee Danieli, ambaye hakuwahi kukutana naye, akianguka katikati ya majani ya chai. Alijaribu kusema na mumewe kwa upole, akajaribu kwa ukali. Ezekia alimwambia roho za watu ziko hatarini.

Makambako ndiko safari hizo zilikofikia mwisho. Ulikuwa mkutano mkubwa, kwenye uwanja, na mahema, na vipaza sauti viwili. Baridi ilikuwa imewabana watu pamoja kwenye mabenchi. Ezekia alianza na boksi la chujio, akapita kwenye mtaro, akapita kwenye vitenge, na watu walikuwa wamemfuata kila hatua, lakini bado hawajalia. Akatafuta la kuongeza. Akasema, akiinamisha kichwa, kwamba katika siku zile za giza alikuwa akimpiga mke wake.

Umati uliguna, na kina mama wakaanza kulia. Wakamgeukia Verediana kwa huruma. Yeye akainuka, akapanda zile ngazi za mbao, akasimama kwenye kipaza sauti cha pili. Kiongozi wa mkutano akapiga makofi, akidhani naye ana ushuhuda.

"Mke anayesemwa ni mimi," alisema. "Huyu hajawahi kunipiga. Hajawahi kunywa pombe, hata ya kuonja. Anaumwa ini kwa mafuta na sukari, na kolesteroli ameirithi kwa baba yake, aliyeanguka akafa akiwa na nguvu zake. Dawa aliyopewa iko nyumbani haijaguswa, kwa sababu ninyi mkimshangilia anajiona amepona. Naomba mumwache. Mimi bado namhitaji."

Hakupaza sauti. Aliongea kama anavyoongea na darasa la tatu. Alipomaliza, Ezekia alikuwa amesimama na kipaza sauti chake kimeshushwa mpaka kiunoni, akimtazama. Watu hawakujua wafanye nini. Mlevi aliyeokoka walikuwa na wimbo wake. Mtu asiyewahi kulewa, aliyesimama pale kwa ajili ya soda, hawakuwa na wimbo wake. Kiongozi wa mkutano akatangaza sadaka.

Hawakuitwa kwenye pilau. Walikuwa wanatafuta njia ya kwenda barabarani pale kina mama watatu au wanne walipomfuata Verediana, wakijifunika khanga kama wanaokwepa kuonekana. Mmoja akauliza kipimo hicho kinapatikana wapi. Mwingine akauliza kama ni kweli ini linaweza kuumwa bila pombe. Verediana akamjibu kama daktari alivyowaeleza, kwamba linaweza, kwa mafuta, kwa virusi, kwa dawa zisizojulikana. Yule mama akasema mume wake alikufa macho yakiwa ya njano, na tumbo limejaa maji, na ndugu zake walikataa kulala matanga kwa sababu walisema ni mlevi. Marehemu alikuwa akiapa kwamba hanywi, na hata yeye mke hakumwamini. Verediana alimshika mikono, wakasimama hivyo mpaka Ezekia alipowaita kwamba basi limefika.

Njiani Ezekia alikaa dirishani, akaangalia miti ya misonobari mpaka ikaisha. Baada ya Igawa akamuuliza mkewe kama amekasirika.

"Nina njaa," alisema Verediana.

Akanunua mahindi ya kuchoma dirishani, wakala. Baadaye, bila kuulizwa, akasema kwamba lile la kumpiga lilimtoka tu. Alikuwa ameona watu wanasubiri. Verediana akamwambia anajua. Walipofika Ilomba alifungua kabati, akameza kidonge kwa maji, mke amesimama mlangoni akimwangalia.

Kuacha soda kulimsumbua kuliko walevi wa kweli wanavyosumbuka. Aliumwa kichwa, akawa mkali dukani, akagombana na fundi kwa sababu ya nati. Ilichukua muda. Alianza kutembea asubuhi kabla ya kufungua duka, kwanza mpaka kona, kisha mpaka kwenye vibanda vya viazi, kisha mpaka akazoeleka kwa mbwa wa njia ile. Chakula alikula nusu sahani. Suti zilianza kumning'inia. Watu wa mialiko hawakupiga simu tena, na alipoulizwa kuhusu Makambako alisema ukweli kwa kifupi, na aliyeuliza alibadili mazungumzo.

Walirudi kwa Dokta Nisha wakati mvua za kwanza zimeanza. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimeshuka mpaka karibu na kawaida, na kwenye kioo mafuta yalikuwa yamepungua. Kolesteroli nayo ilikuwa imeshuka kwa msaada wa kidonge, ila si ya kuachia. Daktari alimkumbusha kwamba kidonge ni cha maisha, na akamwambia awapeleke watoto wake nao wakapimwe. Binti yao mkubwa, Gloria, ambaye ni mwembamba kama uzi, alikutwa nayo, akaanza dawa mapema. Ezekia alilia kidogo kwa hilo, halafu akasema afadhali wamejua.

Ambrosi alikatishwa tamaa na majibu yale, akarudisha kikombe cha ulanzi jikoni.

Kanisani habari zilipokelewa kwa shangwe. Mchungaji Sosthenes alizitangaza mwenyewe madhabahuni: ini la mzee Ezekia limepona. Watu walipiga vigelegele. Baada ya ibada walipanga foleni kumshika mkono, na kila mmoja alimwambia neno lile lile kwa namna yake, kwamba sasa wameamini kweli ameacha, kwa maana ini la mlevi anayeendelea kunywa haliwezi kupona. Faustina alimkumbatia. Ezekia alifungua kinywa kwa wa kwanza, akaanza kueleza habari za chembe, akaona macho ya mtu yanaelea. Kwa wa pili alieleza kwa kifupi zaidi. Wa tatu alikuwa Alinanuswe, ndani ya koti lake, akiwa na chupa ya soda mkononi kutoka kwa akina mama wa ujenzi.

"Hongera sana, ndugu yangu," alisema Alinanuswe. "Si rahisi kuiacha."

"Si rahisi," alisema Ezekia, akamshukuru. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, kama amewahi kupimwa ile kolesteroli yake. Alinanuswe akasema bado. Ezekia akamwambia kesho asile kitu asubuhi, atampitia.